Mvua, kuvu na pumu: kifua cha mutoto kikifunga usiku, tuangalie pia ukuta wa nyumba

Hapa Likasi, kipwa ikiisha na mvua ikianza kupiga malata, kuko neno moja linalorudi mu midomo ya wamama, ikuwe Kikula, Panda, Shituru ao mu mutaa wa Likasi wenyewe: "Mutoto ana bronshiti tena." Anakohoa usiku, kifua kinapiga filimbi, anatafuta kukaa juu hawezi kulala. Asubuhi anapata nafuu, anavaa, anaenda ku masomo, na muzazi anafikiri imepita. Anapewa siro, anapewa antibiotiki ya farmasi ya karibu. Juma mbili nyuma yake, ugonjwa ni ule ule, na feza imekwisha.

Mara nyingi tunalaumu vitu tunavyoviona: vumbi ya malori, moshi wa makala, harufu ya asidi. Lawama hiyo ina haki yake, tutaifikia. Lakini vumbi ni ya kipwa zaidi. Juu ya nini basi kuko watoto wanaozidi kuugua wakati mvua imekwisha kulaza vumbi? Kwa sehemu ya watoto hao jibu liko mu nyumba yenyewe, nyuma ya kabati, juu ya plafo, chini ya matela. Ni kuvu, ile madoa nyeusi ao ya kijani inayoota ku ukuta wenye maji. Tunaiona kila siku, tunasema ni uchafu tu. Kwa mutoto mwenye pumu, haiko uchafu tu.

Pumu ni nini, na kuvu inaingilia wapi

Pumu, ile wengi wetu tunaita asma, ni ugonjwa wa njia za pumzi. Ndani ya kifua njia hizo zinakaa zimevimba kidogo kila siku, hata wakati mutoto anacheza muzuri. Kikija kitu kinachoziudhi, zinajikaza, zinatoa makamasi mazito, na hewa inapita kwa shida. Njo ile filimbi tunayoisikia wakati anatoa pumzi. Pumu haiambukizi. Haitoki ku kunywa maji ya baridi, na haiko alama ya kama jirani amemutupia mutoto kitu.

Kitu kinachoamusha shambulio hakiko kimoja. Kwa watoto, mafua ya kawaida njo inaongoza. Kuko pia moshi, vumbi, vidudu vidogo vinavyoishi mu matela, manyoya ya paka na mbwa, hata kukimbia sana wakati wa baridi. Na kuko kuvu.

Kuvu haina mbegu sawa mahindi. Inatoa unga mwepesi sana, na kila chembe ya unga huo inaweza kuzaa kuvu mupya fasi inapoanguka, kama fasi hiyo ina maji. Jicho halioni chembe moja moja. Aina moja inayoitwa Aspergillus fumigatus inatoa chembe za ukubwa wa mikromita 2 mupaka 3, maana yake ukipanga 300 ao 400 mu mustari, zinafika milimita moja tu. Kitu kidogo hivyo pua haikikamate chote. Kinashuka mupaka chini mu mapafu. Aina zingine zinazojulikana ku pumu ni Alternaria, Cladosporium na Penicillium. Alternaria inapenda majani yaliyooza na mimea ya shamba, Penicillium inajulikana sana mu nyumba zenye maji.

Watu wengi wanavuta chembe hizo kila siku bila shida. Lakini kuko watoto ambao mwili wao unazichukua sawa adui, unatengeneza silaha za kuzipiga, na vita hiyo inafanyika ndani ya njia za pumzi. Hiyo njo aleji. Mutoto wa aina hiyo akilala usiku muzima karibu na ukuta wenye kuvu, anavuta adui wake masaa nane ao tisa bila kupumzika.

Na haiko jambo la kuchekelea. Mu mwaka wa 1991, waganga wa Marekani walitoa habari ya vijana 11 waliosimama kupumua kwa shambulio la pumu. Walipowapima ku ngozi, 10 kati yao walionekana na aleji ya Alternaria. Karibu na kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, mu Uganda, walipima watu wazima wenye pumu pale Kampala na wakakuta wengi wana aleji ya kuvu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mwaka wa 2009 kitabu kizima juu ya maji na kuvu mu nyumba, na linasema wazi kwamba watu wanaoishi mu nyumba za namna hiyo wanapata zaidi shida za pumzi na pumu.

Moshi na asidi havipewi ruhusa

Tukisema hivi, kuko watu watafurahi: "Munaona, haiko kompanyi, ni uchafu wa nyumba zenu." Hapana. Likasi ni muji uliojengwa juu ya shaba. Pale Shituru, tangia wakati wa Wabelgiji, madini yanayeyushwa na asidi ya sulfuri. Barabara namba 1, ile inatoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, inapitisha malori muchana na usiku. Gazi ya sulfuri inaweza kukaza njia za pumzi za mugonjwa wa pumu kwa dakika kidogo tu. Hiyo sayansi inajulikana tangia zamani.

Mu mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, mu Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu 351 wa Katanga. Wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, na zaidi sana watoto, walikuwa na kobalti nyingi sana mu mwili. Utafiti huo ulipima metali, haukupima pumu. Lakini ku viwanda vya inchi zingine inajulikana kwamba vumbi ya kobalti inaweza kumupa mufanyakazi pumu.

Basi mambo haya mawili hayapigane. Njia za pumzi ambazo moshi na gazi vimekwisha kuziumiza muchana zinakuwa nyepesi kukasirika usiku, mbele ya kuvu. Mutoto wa Shituru anaweza kubeba mizigo yote miwili. Tofauti ni kwamba muzigo mumoja unadai sauti ya muji muzima na serikali, na mwingine tunaweza kuupunguza kuanzia juma hili.

Juu ya nini nyumba zetu zinaota kuvu

Kuvu haihitaji mambo mingi: maji, na kitu cha kukula. Chakula chake ni rangi ya ukuta, ubao, karatasi, nguo, ngozi ya viatu, hata vumbi iliyokaa. Ikipata maji siku moja ao mbili bila kukauka, inaanza. Likasi iko juu, karibu metre 1 300, na mvua inapiga nguvu kuanzia mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 3. Miezi hiyo yote ukuta uliolowa haupate nafasi ya kukauka.

Maji yanaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni juu: malata yenye matundu na misumari iliyolegea. Ya pili ni chini: matofari yasiyo na kizuizi cha maji ku musingi, yanavuta maji ya udongo sawa vile utambi unavuta petroli, na nje hakuna mufereji wa kupeleka maji mbali. Ya tatu inatoka kwetu wenyewe: chungu inachemka ndani, nguo zinaanikwa ndani juu ya mvua, watu sita wanalala mu chumba kimoja, na dirisha imefungwa juu ya wezi, umbu na baridi.

Ongeza mifuko ya mahindi. Jamaa nyingi zinaweka mahindi mu chumba cha kulala juu ni pale tu kuko usalama. Mahindi yasiyokauka muzuri yanaota kuvu ndani ya mufuko, na kila mara tunauhamisha, unga wa kuvu unapanda mu hewa ambayo mutoto anavuta.

Lakini tusiseme uchafu wa wamama. Sehemu kubwa ya muji huu ilijengwa na Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake, wakati muji ulikuwa unaitwa Jadotville, na Gécamines ikarizi. Wazee wanakumbuka: ilikuwa kompanyi inayopaka rangi, inayobadilisha malata, inayotunza watoto mu hospitali yake. Utaratibu ule ulikuwa na uzito wake, mufanyakazi alikuwa anachungwa mupaka mu jikoni. Lakini malata ikitoboka, ilikuwa na mutu wa kuitengeneza.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Kiisha ikaanguka. Mu mwezi wa 9 wa 1990 mugodi wa Kamoto, pale Kolwezi, ulibomoka, na miaka iliyofuata uzalishaji ukashuka mupaka karibu na sifuri. Mu 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ile tuliita "departi volontere". Kazi ya kutunza nyumba ikabaki mikononi mwa watu wasio na mushahara. Leo wengi ni wapangaji mu nyumba hizo ao mu nyumba mupya zilizojengwa mbio-mbio, na malata yakitoboka, kila mutu anamuangalia mwenzake.

Nani atengeneze?

Sheria ya Kongo haiko kimya. Tangia sheria za mikataba za 1888 zinazotumika mupaka leo, mwenye nyumba ana lazima ya kuitunza ili mupangaji aweze kuitumia kwa kazi iliyokubaliwa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 ilikuja kupanga mambo ya kupangisha nyumba za kukaa. Lakini mupangaji ambaye alitafuta garanti kwa shida anaogopa: akilalamika, ataambiwa ahame. Basi ananyamaza, ananunua rangi, anapaka juu ya madoa. Nyuma ya mwezi mumoja kuvu imetoboa rangi.

Jambo hili haliko la Kongo peke. Mu mwezi wa 12 wa 2020, pale Rochdale, mu Uingereza, mutoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alikufa juu ya ugonjwa wa pumzi. Mu mwezi wa 11 wa 2022, afisa anayechunguza vifo alisema wazi: sababu ni kuvu ya mu nyumba aliyoishi. Wazazi wake, waliotoka Sudan, walikuwa wamelalamika, na baba aliambiwa apake rangi. Kutokana na kifo kile Bunge la Uingereza lilipitisha mu 2023 sheria inayobeba jina la mutoto yule, nayo ilianza kutumika mu mwezi wa 10 wa 2025. Mwenye nyumba za umma akipewa habari ya hatari kubwa ya maji na kuvu, ana siku 10 za kazi kufanya uchunguzi. Ikiwa hatari ni ya haraka sana, ana masaa 24.

Hatuko Uingereza. Lakini swali ni lile lile: malalamiko ya mupangaji juu ya ukuta unaooza yanaishia wapi? Hapa kwetu yanaishia kwenye mulango wa mwenye nyumba. Ofisi ya mutaa, ile inakamata nakala ya mikataba ya kupanga, na watu wa usafi wa serikali, wangeweza kufungua daftari ya malalamiko hayo bila kungojea Kinshasa. Kuandika tu, kiisha kumuita mwenye nyumba na kumupa siku za kutengeneza, haiombe budjeti kubwa. Muzazi anajua basi wapi atabisha kwanza.

Antibiotiki haifungue njia za pumzi

Upande wa dawa njo feza nyingi inapotea. Antibiotiki inaua bakteria. Haipunguze uvimbe wa pumu, na haifanye kitu kwa aleji. Mutoto aliyepewa antibiotiki mara nne mu majira moja ya mvua bila kupona anadai swali lingine: je, hii haiko pumu?

OMS inahesabu kwamba mu 2019 pumu ilikuwa na watu karibu milioni 262 duniani, na iliua watu 455 000. Vifo vingi ni mu inchi zenye kipato kidogo, fasi ugonjwa haujulikane mapema na dawa haipatikane. Dawa zenyewe zinajulikana na ziko mu orodha ya OMS ya dawa za lazima. Kuko pompi ya haraka, salbutamoli, inayofungua njia wakati wa shambulio. Na kuko pompi ya kila siku, ya aina ya budesonidi ao beklometasoni, inayotuliza uvimbe ili shambulio lisikuje. Wengi wetu tunajua ile ya kwanza tu. Mutoto anayeitumia kila juma bila ile ya pili ni sawa mutu anayekausha maji chini bila kufunga robine.

Kuko woga: "Pompi inazoesha mwili, inaharibu moyo." Hapana. Dawa ya pompi inaenda moja kwa moja ku kifua na kipimo chake ni kidogo kuliko cha kidonge ao siro, njo maana vidonge vya salbutamoli vinatetemesha mikono na kupigisha moyo zaidi.

Kwa mutoto mudogo pompi peke haitoshe, juu dawa inabaki mu kinywa. Inapashwa kupita mu chombo cha katikati. Chombo cha dukani ni bei. Lakini mu 1999, mu Afrika ya Kusini, Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500 inafanya kazi sawa na kile cha dukani. Unatoboa chini ya chupa tundu lenye umbo la mudomo wa pompi, unaziba pembeni hewa isitoke, mutoto anaweka kinywa ku shingo ya chupa, unafinya mara moja, anavuta pumzi kidogo kidogo mara tano ao sita. Kiisha unafinya tena. Kila senta ya afya ya Likasi inaweza kutengeneza chombo hicho. Idadi ya kufinya na dawa ya kila siku, muganga njo anapanga kulingana na umri.

Angalisho moja: si kila kikohozi ni pumu. Kongo ni mumoja wa inchi zenye kifua kikuu kingi duniani. Mutoto anayekohoa zaidi ya juma mbili, anayekonda, mwenye homa ya jioni, ao anayeishi na mugonjwa wa kifua kikuu, apimwe kwanza.

Nini muzazi anaweza kufanya

Kipimo cha aleji ku ngozi hakiko karibu na kila jamaa. Lakini kaye ya masomo inatosha kuanza. Andika tarehe kila usiku mutoto anakohoa ao kifua kinapiga filimbi, chumba alicholala, kama mvua ilinyesha, kama mbabula ilikuwa ndani, kama alikuwa na mafua. Nyuma ya juma sita, pelekea muganga kaye hiyo. Ikionekana kama mutoto anapona akienda kulala kwa nkambo wake na anaugua akirudi, nyumba imekwisha kujibu.

Mu nyumba, anza na maji, si na madoa. Ziba tundu la malata, chimba mufereji, sogeza udongo uliolundikana ku ukuta. Kiisha toa mutoto nje, funga kitambaa ku pua na mudomo, safisha madoa na maji na sabuni, kausha muzuri. Ukitumia javele, fungua madirisha, na usiichanganye hata kidogo na asidi ya batri ao dawa ya kusafisha choo: inatoa gazi inayoweza kuua. Rangi inakuja mwisho, ukuta ukiisha kukauka.

Sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, hata upana wa mukono mumoja. Jua likitoka, anika matela na malangeti. Mahindi yakauke muzuri na yalale chumba kingine, juu ya mbao. Mbabula ibaki nje; gazi yake inaua hata asiye na pumu. Fungua dirisha muchana, hata nusu saa, nyuma ya kupika.

Na alama za hatari, kila mutu mu nyumba azijue, hata yaya wa miaka kumi anayebaki na wadogo: mbavu zinaingia ndani mutoto akivuta pumzi, hawezi kumaliza neno ao kunyonya, midomo inageuka ya bluu, analegea, ao pompi haimusaidie. Hapo usingojee asubuhi, usitafute siro. Mupe pompi mukiwa njiani, na umupeleke fasi yenye oksijeni.

Mbele ya mwezi wa 11

Mambo haya yanafanyika muzuri zaidi mu kipwa. Malata yanatengenezwa mbele mvua haijaanguka, ukuta unakauka wakati kuko jua, na mutoto anaanza pompi ya kila siku mbele majira mabaya hayajafika. Zone za afya za Likasi ziulizwe kama hizo pompi mbili ziko mu farmasi zao kabla ya mvua, si katikati yake. Kompanyi ziendelee kuulizwa juu ya hewa wanayotuachia. Na mwenye nyumba anayepokea feza yetu kila mwezi, aulizwe juu ya lile tundu.

Mutoto anayelala vizuri usiku anaamka na nguvu ya kusoma. Hatumuombee mambo mingi: pompi yake, na ukuta mukavu.